Nta Katika Ufa wa Kanisa

Nyumba ya Arshaluys imeegemea kanisa bovu la mtaa wetu wa Waarmenia, hapa Tbilisi. Ukuta wa kanisa ndio ukuta wa chumba chake. Wauza ngozi walilijenga enzi za wafalme, tetemeko likaangusha kuba, Wasovieti wakaligeuza ghala la unga, kisha wakawaachia njiwa na Arshaluys. Tangu awe mjane analifagia yeye, na asante hapati.

Ufa ulipotokea katika ukuta huo, upande wa kanisani, watu wakaona pazuri pa kuchomeka mishumaa. Mwenye mgonjwa alichomeka, mwenye kesi alichomeka. Mwaka huu ufa ukaonekana umeziba, mtaa mzima ukasema mtakatifu amejitibia nyumba yake. Arshaluys peke yake hakulala. Mlango wa chumba chake ulikuwa umeanza kukwama, na humo ndani alilala mkwewe Nazeli na kitoto kichanga, chini ya zulia lililotundikwa kwenye ukuta huo huo.

Ikafika siku ya kubariki zabibu. Kwetu hakuna anayeonja zabibu kabla ya siku hiyo, kwa hiyo watu walikuja mapema na vikapu, na njaa. Vahan kinyozi alimkuta Arshaluys akikwangua ukuta kwa kisu cha jikoni.

"Shangazi, unamchuna mtakatifu?"

"Ningeanza na wewe, una mafuta zaidi. Sogea."

Nta iliyouziba ufa ikabanduka pande zima. Kisu kikaingia mpaka mpini. Arshaluys akasogeza sikio, akasikia mjukuu wake akilia, karibu kabisa, kana kwamba amelazwa pale pale kanisani.

"Nazeli," akaita ndani ya ufa. "Mtoe mtoto."

"Mama? Mbona unasemea nyuma ya zulia?"

"Mtoe kwanza, utauliza ukiwa barabarani."

Akasimama mlangoni na ufagio, akatufukuza wote, padri mbele. Bibi mmoja akalalamika kwamba mshumaa wa mwanawe bado unawaka mle.

"Basi ubaki unawaka. Wewe toka."

Padri akabariki zabibu barabarani. Zikagawiwa, tukazishika tu mkononi, macho yote ukutani. Arshaluys alikuwa amembeba mtoto, amekataa kiti. Ndani ya ukuta kitu kikakwaruza, kama jiwe linalosaga jiwe.

"Mmesikia?" akauliza.

"Njiwa hao, Mama," Nazeli akasema.

"Njiwa wameshaondoka," akasema Arshaluys, akarudi nyuma hatua nyingine. Nasi tukarudi.