Siku Tuliyojifunza Kutoitikia

Shoti ya kwanza ya filamu yetu iliharibiwa na fundi cherehani. Mdogo wangu alipiga goti mlangoni, akapiga makofi taratibu kama tunavyofanya kwetu, na fundi, aliyeigiza babu na aliyekuwa ameambiwa mara nne asiseme neno wala asitikisike, akakusanya viganja vyake akaitikia. Niliposema "Kata," fundi alitazama mikono yake kama mtu aliyekuta kuku wa jirani jikoni kwake.

"Samahani, binti. Imetoka yenyewe."

Shoti ya pili iliharibiwa na mama jirani, mwanajumuiya mwenzetu wa kanisani, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akiigiza bibi. Ya tatu waliiharibu wote wawili kwa pamoja.

Kama hujafika Ufipa, nieleze kidogo, maana bila hili hutaona ugumu wetu ulikuwa wapi. Huku juu mtu wa heshima hasalimiwi kwa mdomo peke yake. Unainama au unapiga goti, unakunja viganja kidogo ili kati yake pabaki uwazi, kisha unavikutanisha polepole. Sauti inayotoka si ile kali ya kushangilia. Ni nzito, ya chini. Aliye ndani anaitikia hivyohivyo, ndipo maneno yanafuata. Siku hizi mjini Sumbawanga wengi tunamalizana kwa shikamoo na marahaba, lakini makofi yale ukiyapiga mbele ya Mfipa wa umri wangu, mikono yake inajibu kabla kichwa hakijaamua.

Na filamu ya mdogo wangu ilihitaji watu wasioitikia.

Ilikuwa filamu fupi ya kutisha, ya dakika kumi na mbili. Kila aliyesikia kwamba inatengenezwa Sumbawanga alidhani tayari anaijua: ungo, fisi, radi ya kutumwa. Wageni hutusubiri hapohapo siku zote. Mdogo wangu aliwaangalia, akacheka. "Sitaki mchawi hata mmoja," aliniambia. "Nataka mlango tu." Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: msichana anafika kwa babu yake, anapiga makofi mlangoni. Watu wamo ndani, anawaona, na hakuna anayeitikia. Anazunguka nyumba, kila mlango ni hivyo. Mwisho anafika kwenye kihenge kitupu cha nafaka nyuma ya nyumba, anapiga makofi kwa kukata tamaa, na ndani ya kihenge mtu anaitikia.

Sasa niseme jambo ambalo nyumbani kwetu halisemwi sana. Mimi na mdogo wangu ni wa mama mmoja. Baba yangu alikuwa mkulima wa ulezi, akafariki nikiwa mdogo. Baba yake alikuwa mzungu, mtaalamu wa mradi wa maji ambao mama alikuwa mpishi wake. Mkataba wake ulikwisha, akaondoka, na mama akabaki na mimba. Mdogo wangu amekua katika mji huu akiitwa mzungu na watu wanaomjua tangu akitambaa. Stendi vijana wa bodaboda humwita, "Mzungu, twende," naye hujibu kwa lafudhi yetu nzito, "Mzungu hajafika, nipeleke mimi kwa bei ya Mfipa." Wanacheka, anacheka, anapanda.

Lakini mtu huyohuyo hawezi kubisha hodi. Nimemwona mara nyingi akisimama nje ya nyumba ya rafiki yake, viganja vinatoka jasho, pumzi inakata, mpaka mimi nitangulie. Daktari alimwambia ni wasiwasi uliozidi, akamfundisha namna ya kuvuta hewa na kuitoa kwa hesabu. Inamsaidia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimeona watoto wengi wakikimbia somo linalowatisha. Mdogo wangu alilichukua lake, akaliandikia kurasa kumi, akatafuta kamera. Sijui watu wengi wenye moyo wa namna hiyo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na hapo ndipo nilipomstaajabia zaidi. Taa hatukuwa nazo. Alitoa kioo cha kabati la mama, akakisimamisha uani kikakamata jua la Julai, mwanga ukaingia dirishani na kupita kwenye shuka jeupe, na chumba kizima kikawa na rangi ya uji. Upepo wetu wa kiangazi hauna adabu, basi maikrofoni tuliivalisha soksi ya sufu na kuifunga kwenye mpini wa fagio. Mshika fagio nilikuwa mimi. "Dada," alinifundisha kwa subira, "macho yanazoea haraka. Masikio hayazoei. Anayeogopa, anaogopa kwa masikio." Mpiga picha tulimwazima kwenye kazi za harusi, kijana wa Mbeya mpole anayejua kamera yake vizuri.

Tatizo langu lilikuwa hili. Tukio la mlangoni halikutungwa. Nilimsimulia mimi, mwaka mmoja kabla, aliponiuliza kwa nini hatukuwahi kwenda kijijini kwa babu. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa amembeba mgongoni akiwa na miezi miwili, mimi nimebeba kikapu cha unga, tukatembea tangu asubuhi. Mama alipiga makofi mlangoni kwa baba yake. Walikuwamo ndani. Baadaye tulirudi njia ileile, na tangu siku hiyo mama hajawahi kutaja jambo lile, nami sikuwahi kumwambia kwamba nakumbuka. Tulimwambia filamu inahusu msichana anayerudi nyumbani. Haikuwa uongo, ila ilikuwa nusu. Niliogopa kwamba akiliona tukio lile atajua kuwa mimi nimelibeba tangu utotoni miaka yote hii, na kwamba hilo litamvunja. Nami ningekuwa nimelifanya kwa mdomo wangu.

Na mama alikuwa hapohapo, jikoni nyuma ya nyumba, anasonga ugali wa watu wa filamu.

Shoti ya sita ilipoharibika, kijana wa kamera aliishusha kamera. "Nyie Wafipa mna adabu mpaka mnaharibu kazi. Kwetu ningekuletea watu wa kununa kutwa nzima."

"Walete," fundi alisema. "Ila wakija watakula chakula chetu chote, halafu ndio wanune."

Tulikuwa bado tunacheka mama alipotokea kwenye mlango wa nyuma, mwiko mkononi. "Nasikia mtu anapiga makofi tangu asubuhi," alisema. "Nani huyo asiyekaribishwa?"

Alimtazama mdogo wangu aliyekuwa bado amepiga goti. Akatazama kigoda cha fundi karibu na dirisha, mkeka upande wa kulia, mlango uliofunguliwa nusu. Chumba nilikipanga mimi, kama nilivyokikumbuka. Niliona anavyokisoma.

"Mwalimu," aliniita.

"Abee, mama."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Nilidhani ulikuwa unacheza na kuku."

"Nilikuwa nacheza na kuku, mama. Ila nilisikia, na nilichungulia."

Mdogo wangu aliinuka taratibu. "Mama, tunaacha. Naifuta sehemu hii yote. Sikupaswa kufanya bila kukuuliza."

"Hukupaswa," mama alisema. Alisema bila ukali, kama anavyosema chumvi imezidi. Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe mbona umekaa kama unapigwa picha ya kipaimara?"

"Nimeambiwa nisiitikie, mama."

"Kwa mikono mitupu hutaweza. Mikono mitupu inaitikia yenyewe." Akauweka mwiko dirishani, akatoka, akarudi na beseni na mahindi makavu kwenye upande wa khanga. "Baba hakukaa akimkodolea mtu macho. Alikuwa anapukuchua. Nilipiga makofi, punje zikawa zinaanguka. Nikapiga tena, punje zinaanguka. Hakuacha hata punje moja kwenye gunzi."

Nakuomba ulione hili kama nilivyoliona. Mwanamke anaelekeza namna alivyokataliwa, polepole, kwa mpangilio, ili watoto wake wafanye kazi yao vizuri. Alimwonyesha fundi jinsi ya kushika hindi na kuanza kwa kidole gumba kwenye mstari wa kwanza. Alimpa mama jirani beseni alishike. Mwishowe akavuta ukingo wa mkeka, akakaa yeye.

"Mimi nitakaa humu pamoja nao. Mara moja tu. Sirudii."

"Mama, si lazima," mdogo wangu alisema.

"Nenda mlangoni."

Kwa kuwa mdogo wangu alikuwa mbele ya kamera, kazi ya kusema "Kata" ilikuwa yangu. Kwenye karatasi aliandika makofi mara tatu, kisha msichana anaondoka. Nikainua mpini wa fagio juu ya vichwa vyao. Kijana wa kamera akanipa ishara.

Mdogo wangu akapiga goti. Akapiga makofi. Fundi akapukuchua. Punje ziligonga bati la beseni, chache, kisha nyingi. Akapiga mara ya pili. Mama jirani aliinamisha kichwa, lakini mikono ilikuwa na kazi, ikatulia. Mara ya tatu. Hapo alipaswa kuinuka, na hakuinuka. Akapiga mara ya nne. Nilimwona mama kwa upande: kidole gumba kinasukuma, kinasukuma, macho kwenye hindi. Mara ya tano makofi yalikuwa madogo kabisa, na sijui kama msichana wa kwenye filamu ndiye aliyekuwa anapiga au ni mdogo wangu mwenyewe. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kuwaokoa wote wawili kwa silabi mbili. Lakini yeye ndiye aliyeamua kubaki pale, na mama ndiye aliyeamua kukaa, nikaona si haki yangu kuwakatiza.

Hatimaye akainuka. Tulisikia hatua zake zikienda uani. Nikasema, "Kata," nikashusha fagio.

Fundi alipumua kwa nguvu. Mama aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu, akalitazama.

"Kumbe baba naye alichoka siku ile," alisema.

Alirudi kwenye ugali wake, ambao ulikuwa umeshika chini, tukaula hivyohivyo, na fundi akausifu kuliko ilivyostahili.

Baada ya chakula mama alitaka kuona. Alivaa miwani, akakaa karibu na kijana wa kamera, akaangalia shoti ile kwenye kioo kidogo cha kamera. Akaomba kuona na mwisho, ule wa kihenge, tulioupiga jana yake. Makofi ya kuitikia yaliposikika kutoka ndani, alivua miwani.

"Hapa umedanganya. Hakuna aliyeitikia."

"Najua, mama."

"Sasa huyu ni nani? Mzimu?"

Nilitegemea mdogo wangu aseme kwamba filamu ya kutisha lazima iwe na kitu, au kwamba watazamaji watadai. Alivuta hewa, akaitoa kwa hesabu kama alivyofundishwa.

"Dada alikuwa kwenye kuku, alisikia. Wewe ulikuwa mlangoni, ulipiga. Mimi nilikuwa mgongoni kwako, nami nilikuwamo. Ila nilikuwa sijui kuitikia. Huyo wa kwenye kihenge ni mimi."

Mama alikunja miwani yake, akaikunjua. Nje kioo cha kabati kiliendelea kutupa mwanga ukutani ingawa hakikuwa na kazi tena.

"Basi umekosea," alisema hatimaye. "Hayo makofi ni ya mtu mzima, tena wa kugombea udiwani. Mtoto hapigi hivyo."

"Anapigaje?"

"Twende nikuonyeshe."

Kihenge chetu ni cha udongo, kipana, na siku hizi ni kitupu kwa sababu mahindi tunayaweka kwenye magunia. Mdogo wangu aliingia kwa kujikunja kupitia tundu la chini. Mimi nilimpenyezea maikrofoni, kijana wa kamera akavaa spika za masikioni. Kutoka ndani yakaja makofi.

"Polepole zaidi," mama alisema.

Yakaja tena.

"Bado. Hujui hata kama una mikono. Sikiliza kwanza, halafu ndipo ujibu."

"Nisikilize nini, mama? Hakuna anayepiga."

Mama alishika ukuta wa kihenge, akashuka kwa shida, goti moja kisha la pili, kwenye vumbi na mabua. Akakunja viganja vyake. Akapiga makofi mbele ya lile tundu jeusi, kwa utaratibu wote, kama anavyopigiwa baba mzazi. Kikapita kitambo. Ndani, kwa sauti ndogo niliyoikamata kwa shida, mdogo wangu akaitikia.

Kijana wa Mbeya alinigeukia, akaninong'oneza, "Madam, sauti ya makofi ya mama nayo imeingia. Nikihariri niitoe?"

"Iache," nilimwambia. "Zote mbili."