Prise de force ya trakta yangu

Nilinunua trakta ndogo hapa Kasongo, na Amisi, fundi wangu, akanichagulia mashine ya kusaga mihogo ya kufunga nyuma yake. Nikamsikia akimpigia muuzaji wa mashine hiyo simu: "Njoo kesho kwa papa. Ile trakta tunafanya na prise de force, hakuna matata."

Kifaransa changu kinatosha: kukamata kwa nguvu! Nilijua tu, mtu hakuiti "papa", yaani baba, kila dakika bure. Asubuhi mashemeji zangu niliowaita waliizunguka trakta na mapanga. Amisi na muuzaji wakafika wamebeba mashine. Nikaona ni danganya toto.

"Wezi!" nikapiga kelele.

Amisi akashika chuma kilichochomoza nyuma ya trakta. "Papa, prise de force iko hii. Ndiyo inazungusha mashine."

Shemeji akashusha panga, akamuuliza Amisi: "Fundi, mwenye trakta ni nani, wewe au huyu shemeji yangu?"