Mwanne wa Nusukaputi

Zamani mgonjwa wa Tabora aliyehitaji kupasuliwa tumbo alipakiwa kwenye gari moshi. Wengine walipelekwa Mwanza, wengine Dar es Salaam. Wapo ambao ndugu zao walishuka nao Malongwe au Itigi, kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya kuendelea na safari.

Mwaka 1970 mkoa ukapata daktari wa upasuaji, Dokta Lugembe, mtu wa Igunga, mrefu mwenye sauti ndogo. Chumba kilikuwapo, taa zilikuwapo, visu vilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kumpa mgonjwa nusukaputi, ile dawa ya usingizi, na kumlinda hadi azinduke. Basi daktari mzima akawa anashinda akishona vidonda na kutumbua majipu.

Wakati huo serikali ilikuwa ikiwasomesha watumishi wa mikoani katika kazi ambazo mikoa yao haikuwa na wataalamu wake. Nauli, ada na matumizi vyote vilikuwa juu yake. Sharti lilikuwa moja tu: ukihitimu, urudi ulikotoka. Dokta Lugembe akampendekeza Mwanne binti Shomari.

Mwanne alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, mjane wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili. Aliishi Isevya kwa baba yake, mzee Shomari, muuza mchele. Alipomweleza habari ile, mzee aliweka kibaba chini.

"Miaka miwili Moshi! Na watoto je?"

"Mama amekubali kukaa nao, baba."

"Sasa mimi naulizwa au naarifiwa?"

Mwanne akacheka, akapiga magoti. "Nakuomba radhi zako tu, baba yangu."

Mzee akaokota kibaba, akarudi kwenye mchele wake. Lakini siku ya safari ni yeye aliyembebea sanduku hadi stesheni, na hakukubali kusaidiwa.

Masomo yalimtesa. Wenzake wengi walikuwa wametoka shuleni juzijuzi, naye hesabu za dawa alikuwa ameziacha miaka mingi. Alijifungia akazirudia mpaka zikamkaa kichwani. Alipohitimu, mwalimu wake mmoja alimshauri abaki Moshi kwenye mashine mpya na mshahara wa uhakika.

"Siwezi, mwalimu," alisema Mwanne. "Kuna mtu Tabora ananingoja na kisu mkononi."

Akarudi. Wiki hiyohiyo lori la tumbaku lilimleta mwanamke wa Goweko aliyeshindwa kujifungua. Mwanne alimshika mkono, akamwuliza majina ya watoto wake wa kwanza mpaka sauti ikazama, kisha akakaa kichwani pake akihesabu pumzi. Mama na mtoto walirudi kwao salama. Tangu hapo safari za wagonjwa kwa gari moshi zikapungua, na watu wakaanza kumwita Mwanne wa Nusukaputi.

Kila alipofanya kazi, alimweka kando yake muuguzi mmoja, Josepha, binti wa wakulima Wakatoliki. "Tazama kifua," alimwambia. "Saa ya ukutani inaweza kukudanganya, kifua hakidanganyi." Josepha alitazama hivyo kwa miaka miwili.

Asubuhi moja mwaka 1975, Mwanne alianguka wodini akishika tumbo. Dokta Lugembe alimpima. Kidole tumbo, nacho kilikuwa karibu kupasuka. Mtu pekee mkoani aliyesomea nusukaputi ndiye aliyekuwa amelala kitandani.

"Gari moshi la Mwanza linaondoka jioni," daktari alisema.

"Jioni nitakuwa nimekwisha, Dokta. Mwite Josepha."

Josepha alikuja mbio. "Sista, mimi sijasomea."

"Umeona yote ninayofanya. Dawa nitakupimia mwenyewe. Nipe kidogokidogo, na usiniondolee macho."

"Na usipoamka?"

"Utakuwa umejaribu. Mengine ni ya Mungu." Mwanne akaivuta barakoa mwenyewe, akaiweka usoni.

Josepha hakukumbuka baadaye ni muda gani ulipita. Alikumbuka kifua tu, kikipanda na kushuka, na daktari akisema kwa ile sauti yake ndogo, "Nimemaliza." Mwanne alipofumbua macho alimkuta Josepha akilia kwa kwikwi, akamkemea: "Mgonjwa anazinduka, nawe unalia? Mpime mapigo!"

Alipopata nguvu alikwenda kwenye mkutano wa maendeleo wa mkoa kuomba wengine nao wasomeshwe, bado akitembea ameinama. Ofisa mmoja alisema mkoa una mtaalamu wake tayari, na kuna mahitaji mengine.

"Mlinisomesha, ndugu zangu, na nashukuru," Mwanne alijibu. "Lakini mlisomesha mtu mmoja kwa mkoa mzima. Juzi nimeugua mimi, na kama si ujasiri wa Josepha, chumba kile kingefungwa siku ileile ya kuzikwa kwangu."

Ombi lake likakubaliwa. Mwaka uliofuata Josepha alipanda gari moshi kwenda kusoma kwa fedha za serikali, na baada yake wakapelekwa wengine, mmoja kutoka kila wilaya. Mwanne aliendelea kukaa vichwani pa wagonjwa mpaka alipostaafu, na waliokuja kujifunza kwake aliwaanzishia wote pale pale, kwenye kifua.