Taa Nyekundu Zilizorudishwa Stoo

Shemeji yangu anaitwa Ngazi, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na madereva, waliozoea kumwona miaka nenda miaka rudi akiwa juu ya ngazi kwenye njia panda, akibadilisha balbu za taa za kuongozea magari. Wengine walimpigia honi kumsalimu, wengine walimtukana kwa kuwachelewesha, na yeye aliwapungia wote mkono uleule. Tena ni mfupi, mfupi wa kuazimiwa kigoda, ndiyo maana jina lilimkaa vizuri. Mimi nimemuoa dada yake. Juu ya hapo, mimi ndiye mtunza stoo wa karakana anayofanyia kazi, kwa hiyo nikimkimbia nyumbani namkuta kazini.

Niwaambie kwanza kuhusu zile taa za zamani, maana bila hizo hamtamwelewa. Ndani yake kulikuwa na balbu. Nyuma ya balbu kulikuwa na sahani ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia, iliyousukuma mwanga mbele, na mbele kabisa kulikuwa na kioo cha rangi: chekundu juu, cha njano katikati, cha kijani chini. Balbu zenyewe zote zilikuwa za aina moja, nyeupe. Ngazi hakuwa na haja ya kuchagua rangi. Alichomoa iliyoungua, akachomeka nzima, akaifuta sahani vumbi, akashuka. Balbu zile zilikuwa za moto, vidole vyake havikukosa malengelenge. Na jioni, jua likiingia mpaka ndani ya sahani, taa zote tatu zilionekana zimewaka kwa pamoja, na madereva wakashikana mashati kila mmoja akiapa kwamba kijani kilikuwa chake. Lawama zote alitupiwa Ngazi, utadhani ndiye aliyeliumba jua.

Basi zilipokuja taa za LED, hakuna aliyefurahi kuliko yeye. Alikuja stoo, akafungua boksi kabla sijamruhusu, akaitoa moja na kuigeuzageuza. Hakuna balbu, hakuna sahani. Ni bamba tu lenye chembe nyingi za taa, kila chembe inatoa rangi yake yenyewe, na kioo cha mbele hakina rangi hata kidogo.

"Shemeji, umeona?" akaniambia. "Jua likiingia humu halina pa kuchezea. Halafu hazichomi! Chembe moja ikifa, wenzake wanaendelea na kazi."

"Weka chini hiyo, hujasaini," nikamjibu.

"Wewe roho yako ya stoo ndiyo itakayokuzika."

Kazi yake aliifanya peke yake, na utaratibu wake haukubadilika. Alilipeleka lori la ngazi mpaka njia panda, akazima umeme kwenye kisanduku cha kando ya barabara, akapanda, akafunga taa, akaunga nyaya. Huko juu hakuna kuwasha, anayewasha akiwa juu anajitafutia kifo. Akishuka ndipo anawasha, kisha anatembea mpaka kwenye ule mstari mweupe ambapo magari husimama, na kutazama kutokea pale anapotazama dereva. Akiridhika, anaondoka.

Siku ya kwanza alirudi na taa moja mkononi, ya nyekundu.

"Mbovu hii," akasema. "Kijani safi, njano safi, hii imekataa. Nimepima, umeme unafika. Nimeirudisha pale nyekundu ya zamani kwa leo."

Nikampa nyingine. Kesho yake ikarudi. Nikampa nyingine, nayo ikarudi. Nikaanza kuwalaani watengenezaji, na mimi nikilaani silaani nusunusu. Halafu nikaiweka moja juu ya meza yangu na kuichomeka. Stoo nzima ikawa nyekundu, mpaka kucha zangu. Nikachomeka ya pili na ya tatu. Zote zilikuwa nzima.

Nikafikiri labda ni nyaya za huko nje. Nikamwambia akaze viungo. Akakaza. Akahamia njia panda nyingine, mambo yakawa yaleyale: kijani safi, njano safi, nyekundu mbovu. Kila nyekundu niliyompa ilirudi, na lundo likakua kwenye kona ya stoo mpaka ikawa sharti nilikwepe nikipita. Wakati huohuo, mafundi wa kampuni iliyotuletea taa walikuwa wamefunga za kwao karibu na shule, na hizo ziliwaka bila shida yoyote.

Injinia wetu ni mama wa watu, hana makelele, ndiyo maana akikasirika unaogopa zaidi. Alikuja stoo, akaliona lundo, akachomeka moja, akachomeka nyingine. Akanitazama.

"Nani anarudisha taa nzima?"

Alijua jibu, anayefunga taa ni mmoja. Na karakana yote ilikuwa imeshaanza kunong'ona kwamba watu wa balbu wanaogopa kukosa kazi, wanazihujumu taa mpya ili za zamani zibaki. Injinia akasema Jumatatu asubuhi anatutaka ofisini, mimi na Ngazi.

Damu ilinichemka. Namjua Ngazi. Ana mke, ana watoto watatu, na tangu apate ndevu hajafanya kazi nyingine. Ni mbishi, anaazima vitu vyangu na kusahau kuvirudisha, lakini kuhujumu? Yule hulala na wasiwasi balbu moja ikizima. Jumapili nikamwita nyumbani kwangu. Nikaibeba taa moja nyekundu kutoka kwenye lile lundo, nikavuta waya mpaka uani, nikaiegemeza ukutani palipokuwa na jua kali, nikamsimamisha mbali kidogo.

"Sasa tazama mwenyewe, usije ukaniambia nakusingizia," nikasema. Nikawasha.

Ikawaka nyekundu ya kuumiza macho. Ngazi akasimama, mikono kiunoni, akaitazama. Akasubiri. Nami nikasubiri.

"Haya, washa," akasema.

Nilidhani ananitania, ni shemeji yangu, mizaha ndiyo mazungumzo yetu. Nikamtazama usoni. Hakuwa na mzaha wowote.

Nikasimama na swichi mkononi mfano wa mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Hapo mke wangu akatoka na beseni la nguo.

"Nyie wanaume mna pesa za kuchezea," akasema. "Mbona mmeiacha taa inawaka juani?"

Ngazi akageuka kumtazama dada yake. Akageuka tena kuitazama taa. Akaisogelea polepole, akachuchumaa, akaweka uso karibu kabisa, akaikinga na jua kwa viganja vyote viwili.

"Kuna kitu," akasema. "Kwa mbali. Kama kahawia hivi."

Mke wangu akaweka beseni chini. Akasema, "Kaka, unakumbuka nyanya?" Hakueleza zaidi, lakini nilishaisikia hadithi hiyo mara nyingi, tukivunjika mbavu: Ngazi mdogo akitumwa nyanya zilizoiva, anarudi na mbichi, anachapwa kwa uvivu, kesho anarudi na mbichi tena. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alikuwa akiamini kwamba nyekundu ndivyo ilivyo kwa kila mtu, rangi iliyofifia. Ile ya balbu aliiona, kwa sababu mwanga wa balbu una kila rangi ndani yake, na kioo chekundu kiliachia kiasi cha kumtosha. Hii mpya inatoa nyekundu tupu, na nyekundu tupu kwake ni giza.

Tukakaa kwenye ngazi za mlango. Mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata la kusema, kama kawaida.

"Kesho mseme ni mbovu. Mtunza stoo akisema mbovu, nani atabisha?"

"Injinia kazichomeka mwenyewe," nikasema.

"Sema zinawaka zikitaka. Sema za kuvizia. Wewe si bingwa wa kuongea? Au maneno yako yote ni ya kunijibu mimi tu?"

Ngazi alikuwa ameshika tama, anaitazama ile taa ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Alipoinuka kwenda zake aliniuliza kwa sauti ndogo, "Utanisaidia, shemeji?" Nikamwambia nitamsaidia. Nilimaanisha. Nilikuwa tayari kudanganya mbele ya yeyote, na nilikesha nikiupanga uongo wangu mpaka ukapangika vizuri kabisa.

Asubuhi akanipitia na lori. Hakuwa na utani, na mimi sikuwa na wa kumpa. Tulifika njia panda ya karibu na shule, ile yenye taa za wale mafundi wa kampuni. Nyekundu ilikuwa imewaka. Mbele yetu gari dogo lilisimama, naye akasimama.

"Nimejua kwa sababu huyu kasimama," akasema. "Ningekuwa peke yangu?"

"Ungetazama kama kijani hakijawaka, basi. Mbona ni rahisi."

"Ndivyo nilivyofanya wiki iliyopita, shemeji. Hapahapa. Sikuona kijani, sikuona njano, sikuona kitu, nikajua taa imezima. Na taa ikizima unapita polepole, si ndiyo? Nikapita polepole." Akaushika usukani kwa nguvu. "Watoto walikuwa katikati ya barabara. Walirudi nyuma wanakimbia, mmoja akaanguka. Nikatoa kichwa dirishani nikawafokea. Nikawaita wajinga."

Nyuma yetu walianza kupiga honi. Gari la mbele lilikuwa limeshaondoka zamani. Ngazi hakusogea.

"Kijani," nikamwambia. "Nenda."

"Naiona kijani," akasema, na akaondoa lori taratibu mno. Kuanzia hapo, kila njia panda nilimtajia rangi kabla hatujaifikia, naye hakunikataza.

Ofisini injinia alikuwa ameziweka taa mezani, mstari mmoja. Hakutukaribisha viti. Akanigeukia mimi kwanza.

"Wewe ndiye mtunza stoo. Taa hizi ni nzima au mbovu?"

Nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nalo kamili, na viwango vya joto, na unyevu, na viungo vya ndani. Nikafungua mdomo. Nikawaona watoto wale ambao sikuwahi kuwaona, wanakimbia kurudi nyuma. Nikawaona na watoto wake, hao ninawajua, wananiita mjomba ingawa mimi ni mume wa shangazi yao, mazoea mabaya waliyojifunza kwa majirani. Sijapata kujichukia kama dakika ile, maana sikuweza kusema mbovu na sikuweza kusema nzima.

"Nzima zote," akasema Ngazi. "Mimi ndiye sizioni."

Akaeleza. Hakutia chumvi, hakujitetea. Injinia alimsikiliza, kisha akachukua taa moja, akaiwasha kando ya dirisha lenye jua, akamwuliza kwa upole kabisa anaona nini. Ngazi akamwambia haoni. Injinia akaketi. Alipiga simu kwa daktari wa macho anayemfahamu, tukamsikia akiuliza kuhusu miwani, kuhusu dawa, kuhusu upasuaji, na kila mara tukaona usoni mwake kwamba amejibiwa hapana.

Nikasema mimi nitakuwa nafuatana naye, nisimame kwenye mstari mweupe nimwambie zimewaka au hazijawaka. Injinia akasema kazi ya mtu mmoja haitapewa watu wawili, hasa sasa ambapo taa haziungui hovyo na ameagizwa apunguze watu. Nikauliza kuhusu ulinzi wa geti. Nafasi zimejaa. Ufagizi? Umejaa. Nikapandisha sauti, nikauliza tangu lini mtu anafukuzwa kwa sababu ya namna alivyozaliwa. Injinia hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningepata pa kuipeleka hasira yangu.

"Na lori?" akauliza.

Ngazi akatoa funguo mfukoni na kuziweka mezani, katikati ya zile taa.

Ana haki ya malipo yake, injinia alisema, atahakikisha hayacheleweshwi. Ila vifaa virudi stoo leo, ndiyo sheria. Tukashuka ngazi za ofisi, tukavuka uwanja wa karakana mbele ya wale wanong'onaji, na sasa walitupisha njia. Nikaingia nyuma ya kaunta yangu, kwa kuwa hakuna mwingine wa kusimama pale. Yeye akabaki upande wa pili, anakopanga foleni kila mtu. Akavua kofia ngumu, akaiweka. Akaweka glavu. Akafungua mkanda wa kupandia, ule ambao ngozi yake imechukua umbo la kiuno chake, akauzungusha vizuri, akanisogezea.

Sheria yangu inasema mkanda ukirudi ni lazima niukague mbele ya aliyeurudisha. Nilitaka nimwambie aende nao nyumbani, nitajua la kusema. Alikuwa ananisubiri, mikono juu ya kaunta.

"Kagua, shemeji," akasema. "Usije ukapata matatizo kwa ajili yangu."

Nikaukagua. Nikavuta kila kamba, nikafunga na kufungua kila bizimu, polepole, kwa sababu nikimaliza angeondoka. Ulikuwa hauna kasoro hata moja, na nikamwambia hivyo.