Bakuli la Mama Lilipikwa Peke Yake

Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: vitunguu, tangawizi na nyama iliyotiwa sukari. Ndiyo, sukari. Usikunje uso, ngoja kwanza. Na usidhani sikukuona jana ukimchungulia mke wa kaka yako jikoni, umejibanza nyuma ya pazia eti unatafuta kandambili. Macho hayo nayajua, umeyachukua kwangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa mtaa wa Mwanga, na mjomba wako Hamisi ndiyo kwanza ametimiza mwezi tangu aoe. Mkewe Zuhura, mtu wa kijiji cha Kidahwe, alikuwa amefanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kijapani aliyeishi Katubuka. Mpole, mcheshi, anaamka kabla yetu sote. Mimi upole wenyewe nikautilia shaka. Mtu gani hakasiriki mwezi mzima?

Jumapili moja akasema leo anatupikia chakula cha Kijapani, wali na nyama ya ng'ombe. Nyumba iliyozoea samaki wa ziwani, migebuka, na mafuta ya mawese! Nikamfuata hatua kwa hatua kama askari kanzu. Nusu kilo ya steki niliinunua mimi mwenyewe sokoni, lakini yeye akaitia kwenye mfuko akaenda nayo kwa jirani muuza barafu. Saa nzima. Ikarudi imekakamaa. Nyama yetu imekwenda kufanywa nini huko? Kumbe alitaka iwe ngumu kidogo ili kisu kiikate nyembamba. Ningemuuliza angeniambia, ila nilikuwa nimeshajijibu.

Akaikata vipande vyembamba mno, hata nikadhani ni ubahili. Akachemsha vitunguu na tangawizi, kisha akatoa sandukuni chupa ya mchuzi mweusi yenye maandishi ya Kijapani, zawadi ya tajiri wake wa zamani. Akamimina, akatia sukari, akaiacha nyama iive humo. Halafu nikaona jambo lililonishtua. Alikuwa ametenga vipande vichache, akavipika kwenye sufuria ndogo, pembeni.

"Hii ya mama," akasema alipoona namkodolea macho. Akatabasamu.

Sisi tulizoea kula sinia moja. Siku hiyo kila mtu akaletewa bakuli lake, wali chini, nyama juu, na la mama limefunikwa kwa kisosi. Bakuli la peke yake, sufuria ya peke yake, chupa isiyosomeka! Mama alishanyanyua kijiko, nikamshika mkono.

"Wifi," nikasema, "la mama onja wewe kwanza."

Hamisi akanitazama kama hanijui. Zuhura alipiga magoti, akachota kijiko kimoja, akala huku machozi yanamtiririka, akalirudisha bakuli mbele ya mama kwa mikono miwili. Kisha akaingia chumbani.

Mama akala. Akatafuna polepole, akasema, "Hiki hakina sukari."

Nikaonja langu. Tamu.

Mwanangu, mama alikuwa na kisukari. Hospitali walishatuambia sote. Na mimi, binti wa kumzaa, kila asubuhi nilikuwa namkorogea chai vijiko vitatu kwa sababu aliipenda hivyo. Mgeni wa mwezi mmoja ndiye aliyekumbuka.

"Umemwita mwenzio mchawi mbele ya mumewe," mama akaniambia, wala hakupaza sauti. "Akiondoka, kaka yako utamwambia nini?"

Na kweli akaondoka. Kulipokucha alikuwa ameshapanda gari la Kidahwe. Hamisi akaapa kwamba ndoa yake ikivunjika, mimi si dada yake tena. Nikamfuata siku hiyo hiyo. Nilimkuta na mama yake wanapalilia mihogo, nikapiga magoti palepale shambani, nikalia kwa aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, wifi," akasema. "Nitarudi."

Akarudi siku ya tatu. Wamezaa watoto wanne, unawajua.

Sasa nikuulize: umewahi kumwangalia vizuri mke wa mjomba wako akinipa chakula? Hata uji, hata maji ya kunywa, hata leo tumeota mvi wote wawili, huonja kwanza kidogo, ndipo anikabidhi. Si kwamba ananikomoa, mkono wake umezoea tu. Nimemwomba aache, nimemlilia. Husema, "Sawa, wifi," na kesho yake anaonja. Kila anapoonja naisikia sauti yangu ya siku ile, na inaniuma, mwanangu, inaniuma sana.

Kushuku sikukatazi. Mimi mwenyewe muuza dagaa akinichekea sana, nalipekua fungu lote mpaka chini. Lakini mtu wa nyumbani kwako ukimshuku, muulize, mkiwa wawili, kabla hujamtahayarisha mbele za watu. Neno la namna hiyo utalitubia, utasamehewa, na bado mwenzio ataishi nalo. Basi toka nyuma ya hilo pazia, ingia jikoni, mkatie vitunguu, umuulize anapika nini.

Mungu akulinde na ulimi wako, mwanangu. Akupe uzee mwema, na akujalie wifi atakayekupa bakuli bila kulionja.