Masharubu ya Steringi

Watu wamesema mengi kuhusu ule ukuta wa sinema, na wengi wa waliosema hawakuwepo. Basi mambo yawekwe sawa. Fundi hakumchora yule dada masharubu kwa kuwachukia wanawake. Wala hakuwa amelewa. Maisha yake yote hakuonja kitu cha kulevya isipokuwa dawa ya kikohozi, nayo aliipima kwa kijiko. Na hakuwa akimmezea mate mke wa muuza nyama. Hilo la mwisho limezungushwa sana. Hata msibani kwake lilisemwa, na aliyelisema alikuwa na sahani ya chakula cha wafiwa mapajani. Kwa hiyo litafika mahali pake na litaelezwa lote.

Fundi alikuwa mchora mabango. Ukiingia mtaani kwa upande wa kituo cha mafuta, kazi yake ilikupokea kabla ya mtu yeyote: vichwa vinne vya wanaume kwenye ukuta wa kinyozi, jino kubwa lenye furaha nje ya zahanati, na ng'ombe wa duka la maziwa, aliyekuwa na tabasamu la mtu anayejua siri za mwenye duka. Ni yeye pia aliyeandika USIKOJOE HAPA nyuma ya ghala, kwa herufi nzuri kiasi kwamba watu walikwenda kuzisoma, na wakishafika pale, basi tena. Kila bango alilitia saini kwenye kona: Fundi na Wanawe. Wageni waliuliza hao vijana wake wako wapi. Hakukuwa na vijana. Wanawe walikuwa mabinti watatu, na aliwaandika ukutani kabla hata hawajajua kusoma. Anayemwita Fundi mtu wa kudharau wanawake aanze kwanza na saini hiyo.

Fahari yake kubwa ilikuwa ukuta wa sinema. Kwa miaka thelathini na mmoja, kila filamu mpya ilipokuja, Fundi alimchora steringi pale juu, urefu wa ghorofa mbili. Steringi, kwa asiyemjua, ni yule anayepigwa mwanzo na kupiga mwisho, na hafi. Fundi hakusubiri picha ya kunakili. Picha zilichelewa kufika, na hata zilipowahi alisema zinamfunga mikono. Mwenye sinema alipiga simu nyumbani akaeleza steringi alivyo. Mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha sarufi, aliandika kila neno nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani. Fundi aliibandika karatasi hiyo mbele yake, akachanganya rangi, akapanda ngazi.

Safari ile mwenye sinema alikuwa na haraka. Karatasi bado ipo, na inasema hivi: "Steringi anaruka juu ya jiji. Ana mabega mapana. Nywele fupi. Amebeba daraja kwa mkono mmoja. Joho jekundu linapepea. Anamtazama adui kwa dharau." Mtafute mwanamume humo. Hayumo. Mwanamke naye hayumo. Ile a- moja inawatosha watu wote, na Mwalimu alikuwa ameisifia darasani kwa miaka mingi, akiwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha yenye adabu, haimchungulii mtu. Sasa ilikuwa imekataa kuchungulia siku ambayo ingefaa ichungulie kidogo tu.

Fundi aliuliza kama steringi ana masharubu. Mwalimu akasoma tena, akamwambia hayakutajwa.

"Kama hayakutajwa, basi yapo," Fundi akasema, na akayachora, meusi, mapana, yamesokotwa ncha kama vishikio vya baiskeli.

Binti yao wa mwisho, karani wa duka la dawa, angewaokoa. Alikuwa akiifuatilia filamu hiyo kwenye simu yake kwa mwaka mzima, alimjua mwigizaji hadi namba ya kiatu. Lakini wiki hizo mbili alikuwa mafunzoni mji mwingine. Aliporudi Jumatatu alishuka na begi lake mbele ya sinema, akainua macho, akasimama pale mpaka mtu akamuuliza kama amepotea. Halafu akampigia baba yake.

"Baba, yule ni mwanamke."

"Nani?"

"Steringi wako."

"Mwanamke kabisa?"

"Baba, ana watoto wawili."

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini yule mwigizaji hakuwa mtu wa kutafuna maneno. Waandishi walipomuuliza kama haogopi wanaume wasiotaka kuona mwanamke akibeba daraja, alijibu kwamba filamu hiyo hakuwatengenezea watu wanaonuna. Anayenuna abaki nyumbani kwake, anune kwa raha zake. Maneno hayo yalifika kwa kinyozi siku ileile. Kinyozi alichukia. Alisema hakuna mtu wa kumpangia mahali pa kununia. Akakusanya wenzake saba, wakabeba viti mpaka kwenye kivuli cha sinema, wakaanza kununa hadharani kuanzia saa tatu asubuhi, na mapumziko ya chakula cha mchana. Walijiita Wanunaji. Walipoyaona masharubu ukutani walipiga makofi na kukumbatiana, wakasahau kazi iliyowaleta, mpaka kinyozi akawarudisha kwenye mstari. Walisema hata Fundi amemkataa yule mwanamke. Walisema ndiyo bendera yao.

Upande wa pili wa barabara walijipanga wapenzi wa filamu: wasichana wa duka la dawa, mafundi cherehani, muuza nyama na mkewe, kila mmoja na joho la shuka begani. Joho la muuza nyama lilikuwa pazia la sebuleni, na pete zake za chuma zililia kila alipogeuka. Hawa walitaka masharubu yafutwe. Wale walitaka yabaki. Siku nzima walirushiana maneno juu ya vichwa vya wapita njia, na saa saba wote walikwenda kula kwenye hoteli moja, kwa kuwa ilikuwa moja tu.

Mwenye sinema alikuja kwa Fundi Jumanne, akakaa bila kukaribishwa. Alisema onyesho la kwanza ni Ijumaa jioni. Kama uso hautakuwa umerekebishwa, ataagiza turubai la kuchapishwa kwa mashine, na kuanzia hapo filamu zote zitakuwa za turubai. Alisema kwa masikitiko, lakini alisema. "Mzee mwenzangu," akamaliza, "turubai halikosei."

Mtu atadhani ni kazi ndogo: chukua rangi ya ngozi, funika masharubu, teremka. Hapa panatakiwa kusemwa jambo ambalo mpaka wiki ile lilijulikana na watu wawili tu. Fundi hakujua kuchora mdomo wa juu. Macho aliyaweza, masikio aliyaweza, mdomo wa chini aliuchora akiwa amefumba macho. Wa juu ulimshinda tangu ujana wake. Ndiyo maana vichwa vyote vinne vya kinyozi vilikuwa na masharubu. Mwoka mikate wa kwenye bango la mkate alikuwa nayo, askari wa lango la shule alikuwa nayo, na malaika wa ukumbi wa harusi alikuwa nayo pia, ya rangi ya dhahabu. Watu walidhani ni mtindo wake. Wengine waliusifia.

Basi alianza mazoezi. Alichora midomo kwenye mlango wa banda la kuku, kwenye ukuta wa bafu, kwenye ndoo zote za nyumba. Mmoja ulitoka kama mtumbwi uliopinduka. Mwingine kama punje ya kahawa. Mwingine ulikuwa viwavi wawili wanaosalimiana baada ya kupoteana miaka mingi. Kuku walikataa kupita mlango ule mpaka ulipogeuzwa.

Jumatano ndipo alipokwenda buchani. Mke wa muuza nyama ana mdomo wa juu uliochongeka vizuri, hilo si siri wala si dhambi. Fundi alipanga foleni mara tatu bila kununua kitu, akitazama. Mara ya tatu alimwomba mama yule aseme neno "umeme", polepole, kwa sababu neno hilo hufunga mdomo na kuufungua mara mbili. Mama yule akalisema. Fundi akashukuru, akaondoka. Mume alikuwepo muda wote, amevaa pazia lake. Hayo ndiyo yaliyotokea buchani, na hakuna kingine.

Alhamisi jioni Fundi aliweka brashi chini. Alikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi. Alimwambia mkewe kwamba mwenye sinema alete turubai lake, ukuta uende. Alisema amejificha nyuma ya masharubu ya watu kwa miaka thelathini na mmoja na amechoka kuogopa mdomo. Mwalimu hakumbembeleza, hakuwa na mazoea hayo. Alimwambia kesho atapanda, na kabla ya kupanda atawaambia watu ukweli, maana mkono wenye siri hutetemeka. Yeye atashika ngazi.

Ijumaa asubuhi walifika watatu: Fundi, Mwalimu na binti yao, na shuka mbili kubwa zilizoshonwa pamoja za kusitiri kazi. Wanunaji walikuwa wameizunguka ngazi kwa viti.

"Shikamoo, Mwalimu," kinyozi alisema. "Samahani sana, lakini Fundi hapandi."

"Marahaba. Ondoa kiti."

Kinyozi aliondoa kiti. Alikuwa mwanafunzi wake darasa la tano.

Fundi alipanda vidato vitatu, akageuka. Upande huu viti, upande ule majoho. Alikohoa.

"Jamani, mimi sina ugomvi na huyu dada," alisema. "Sijui kuchora mdomo wa juu. Tangu nianze kazi sijui. Masharubu ni ya kufunikia."

Pete za pazia zililia mara moja. Kinyozi alisimama taratibu.

"Na vile vichwa vyangu vinne?"

"Vyote vinne."

"Fundi, mimi nawanyoa watu kwa kufuata vile vichwa." Akawageukia wenzake. Wanunaji saba walikuwa na masharubu saba, meusi, mapana, yaliyosokotwa ncha. Kila mmoja alipandisha mkono akayagusa ya kwake kama mtu anayekagua mfuko baada ya kutoka sokoni. "Na mimi mwenyewe," kinyozi akasema kwa sauti ndogo. "Mke wangu hakuyapenda hata siku moja. Nilimwambia ndiyo mtindo wa kitaalamu."

Aliyecheka kwanza alikuwa Mnunaji wa mwisho kwenye mstari. Kinyozi alimkemea kwamba anavunja safu, na alipofika katikati ya kukemea yeye mwenyewe akashindwa, akaketi, akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Barabara nzima ikaangua kicheko. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta.

"Sasa utafanyaje?" muuza nyama aliuliza.

"Sijui," Fundi alisema, na akaingia nyuma ya shuka. Mkewe akamfuata, halafu binti na makopo ya rangi.

Walikaa huko dakika arobaini. Nje zilisikika ngazi zikihamishwa, kopo likianguka, na sauti ya Mwalimu ikisema mara mbili, "Hapana." Mwenye sinema alikuwa ameshatoa simu mfukoni aagize turubai wakati shuka ilipoanguka.

Masharubu hayakuwepo. Palikuwa na mdomo, wa juu na wa chini, umefumbwa lakini si kwa muda mrefu; mdomo wa mtu aliyesikia upuuzi mpaka mwisho na sasa anavuta pumzi ili ajibu. Daraja mkononi lilionekana jepesi ghafla. Muuza nyama alinyoosha pazia lake. Kinyozi alivua kofia, akasema huo mdomo anaujua, uliwahi kumwambia aanze sentensi upya.

Jioni ile Wanunaji waliingia kuangalia filamu, kwa mstari, na viti vyao wenyewe. Walitoka macho mekundu wakisema ndani kuna vumbi. Kufikia Jumapili wanne kati yao walikuwa wamenyoa. Binti alituma picha ya ukuta kwa yule mwigizaji, bila matumaini, kama watu wanavyotuma, na siku ya tatu jibu likaja. Aliuliza mdomo huo ni wa nani, maana unaonekana unajibu kuliko wa kwake. Turubai halikuagizwa. Fundi alibaki na ukuta wake mpaka kifo chake, na masteringi sita waliofuata, wanaume kwa wanawake, walisimama pale midomo yao haijafunikwa.

Ndipo yalipoanza maswali ya nani aliishika brashi. Mmoja anadai alimwona Fundi amekaa chini kwenye ndoo, nyuma ya shuka, anakunywa chai. Mwingine anadai mkono wa binti ulikuwa na rangi nyekundu wiki nzima. Mwandishi wa gazeti alikuja na kinasa sauti, akapewa kiti, akapewa maji, akarudi na kinasa sauti kitupu. Nyuma ya shuka ile walikuwa watatu. Mmoja amezikwa, na wawili hawasemi.