Mnanaa Uliopigwa Pasi

Jumanne, tarehe kumi na mbili Juni. Rasharasha tangu alfajiri. Jua halikuchungulia hata kidogo.

Dobi hakuwa na raha. Mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia binti yake kulea pacha wachanga, alikuwa amemaliza mnanaa wake mkavu. Ni ule wa mwituni, unaojiotea kwenye nyasi ndefu. Watu wa rika lake huuchuma, huukausha kivulini, kisha huuchemsha kama chai: kwa tumbo lililojaa gesi, kwa mafua, na kwa mama huyu, kwa usingizi. Mbichi humletea kiungulia. Usiku uliopita hakupata hata lepe la usingizi, na asubuhi alianza kukunja nguo zake.

“Nisipolala nitawalea vipi hawa?” alimwambia binti yake. “Bora nirudi kwangu kuliko kuwa mzigo.”

Binti akamgeukia mumewe, pacha mmoja kila mkono.

Dobi akaenda kwenye uwanda wa nyasi nyuma ya karakana ya jirani, akachuma kapu zima, akarudi kwenye duka lake la kufulia ameloa chapachapa. Sasa, kukausha. Hata mashati ya wateja yalikuwa bado yanavuja maji kambani. Alijikuna kichwa, kisha akafanya kile alichokijua: akatandaza majani kati ya vitambaa viwili vya pamba, akapunguza moto wa pasi kama wa kunyooshea hariri, akapitisha pasi polepole, kama anayenyoosha kola ya bwana harusi.

Jioni mama mkwe alionja. Akaonja tena.

“Baba, mnanaa huu umeukaushia wapi?”

“Dukani, mama.”

“Mbona unanukia shati?”

Dobi akainamisha kichwa, akaeleza yote. Mkewe alicheka hadi akalazimika kumweka mtoto mmoja kitandani.

“Kumbe nimekunywa chai iliyonyooshwa,” mama alisema. “Haya, na mimi nikalale nimenyooka.”

Akamaliza kikombe, akajimiminia kingine. Usiku ule alikoroma mpaka pacha wakaamka, na yeye asiamke.

Asubuhi nguo zake zilikuwa zimerudi kabatini. Dobi alifungua duka mapema, akafunga kamba mpya ndani, upande wa nyuma, mbali na mvuke wa pasi, akatundika vishada vya mnanaa vichwa chini, kama mama mkwe alivyomwelekeza wakati wa kifungua kinywa.